Mkaa Wangu Haukuwa na Moshi, Mwanangu Akakosa Pumzi

Juzi dada mmoja ameniandikia: "Dada, mimi situmii kuni, natumia mkaa, na mkaa hauna moshi. Mbona kifua cha mtoto hakiponi?" Nilisoma nikaiweka simu chini. Maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka 2019 mbele ya daktari, tena kwa kujiamini.

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Mbagala. Saa kumi alfajiri nawasha jiko kwenye korido, nachoma chapati za kuuza. Nilikuwa nawashia vipande vya ndala na mifuko ya plastiki, kwa sababu vinashika haraka. Mkaa ukishakolea, moshi unakata, nami najua yameisha. Mwanangu wa miaka minne amelala hatua tatu kutoka hapo, mlango umeegeshwa tu.

Kikohozi kikaanza. Usiku akivuta pumzi mbavu zinabonyea, kifua kinalia kama filimbi. Wifi yangu akasema mbele za watu kwamba namwogesha mtoto maji ya baridi. Neno lile linaniuma mpaka leo, na hajawahi kuniomba radhi.

Daktari aliuliza swali moja tu: mnapikia nini, na mtoto analala wapi? Kisha akanieleza. Kinachoungua, kiwe kuni, mkaa, mafuta ya taa au dizeli ya daladala, hutoa chembechembe zinazoitwa PM2.5, zisizozidi mikroni 2.5. Unywele ni mnene kuliko hizo karibu mara 30. Hazionekani, pua haizizuii, zinashuka hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu na nyingine zinaingia kwenye damu. Ndiyo maana madhara yake hayaishii kwenye pumu na nimonia, kuna kiharusi na magonjwa ya moyo pia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, zaidi ya 237,000 kati yao wakiwa watoto chini ya miaka mitano.

Namba hizo hazikuniliza. Kilichoniliza ni chandarua. Niliporudi nyumbani nilikishusha cha mwanangu, nikakiloweka kwenye beseni. Maji yakatoka kama kahawa. Nikamwaga, nikaweka mengine, yakatoka vilevile. Na hayo ni masizi makubwa yaliyonasa kwenye uzi. Yale madogo yalipita matunduni, akayavuta yeye.

Nikaanza kibubu, shilingi elfu moja kila siku ya mauzo, mpaka nikapata mtungi wa kilo sita. Chapati leo napikia gesi, nina wateja kuliko zamani, na kijana wangu ana mwaka wa tatu hajapelekwa kupigwa mvuke. Najivunia hilo, sifichi.

Najua mtaniambia gesi ni ghali. Mama zangu, piga hesabu ya mkaa wa kopo kwa mwezi mzima, ongeza nauli ya hospitali na siku ulizokosa biashara. Maharage yaloweke usiku kucha, yataiva kwa gesi kidogo. Kama bado huna uwezo, jiko litoke nje, nje kabisa, siyo koridoni. Usiwashie plastiki. Mtoto asikae karibu likiwashwa. Na jiko lisilale ndani hata likionekana jivu tupu, maana mkaa una hewa nyingine ya sumu inayoua watu usingizini.

Serikali ina mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ni jambo jema, nami naliunga mkono. Lakini mtoto wako anavuta pumzi usiku wa leo. Tunanunua vocha kila siku, tunachangia sare za harusi, halafu mtungi tunausubiri serikalini! Tubadilike jamani.

Dada uliyeniandikia, anza na chandarua chake. Kiloweke kesho asubuhi, kisha niambie maji yametoka rangi gani.