Ngwe zisizo na ua

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nilibishana na wenzangu, nikasema zamani wakulima wa Uingereza walilima konde moja la pamoja, kila mtu na ngwe yake, bila ua katikati. Wakanicheka. Wanasema Uingereza ni nchi ya mashamba yaliyozungushiwa ua wa miti tangu kale. Nani mkweli?
Msomaji wako wa siku nyingi

JIBU: Marahaba. Wewe, na ushahidi wako unalimwa hadi leo. Uko Laxton, kijiji kidogo cha Nottinghamshire.

Pale kuna makonde makubwa matatu: West Field, Mill Field na South Field. Moja hupandwa ngano, la pili mazao ya majira ya kuchipua, la tatu hupumzishwa au kuoteshwa majani ya mifugo. Mwaka ukigeuka, zamu nazo hugeuka. Ndani ya kila konde mkulima ana ngwe zake, ndefu na nyembamba. Urefu huo una sababu: udongo ni wa mfinyanzi, mzito, na plau ilikokotwa na maksai. Kuwageuza wale wanyama ni kazi, basi ukishaanza mfuo unakwenda nao mpaka mwisho.

Sasa tazama nyumba. Mwenye ngwe katika makonde yote matatu angejenga wapi? Akijenga katika moja, mawili yanakuwa mbali. Ndiyo maana nyumba za wakulima zimejipanga kandokando ya barabara ya kijiji, kila moja na kiwanja kirefu nyuma.

Mwaka 1635 mpimaji Mark Pierce alikichora kijiji chote, ngwe kwa ngwe. Ramani yenyewe imehifadhiwa maktaba ya Bodleian, Oxford. Niliipitia nakala yake kwa kioo cha kukuzia, chai ikapoa mezani: kuna vijitu vinalima, vingine vinavuna, na wawindaji wanakimbiza mnyama. Wapimaji wa siku hizi hawajisumbui hivyo.

Wenzako nao wasidharauliwe. Katika karne za 18 na 19 Bunge lilipitisha sheria nyingi za kuyagawa makonde ya namna hii na kuyazungushia ua, na karibu yote yakatoweka. Laxton ilinusurika, na inasemekana ni kwa kuwa wenye ardhi wakubwa wawili hawakuelewana namna ya kugawana. Tembo walivutana, na safari hii nyasi zikapona. Ngwe zenyewe ziliunganishwa mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hiyo leo ni chache na pana kuliko za Pierce.

Kila mwaka, mwishoni mwa Novemba, wazee wa baraza, wakulima wenyewe, hulizunguka konde la ngano na nyundo, wakipigilia vigingi vya mipaka. Wiki inayofuata baraza hukaa, na aliyelima akaingia barabarani hutozwa faini na majirani zake.