Chuku ya darasani na chuku ya mwumishi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Darasani tumefundishwa kwamba chuku ni tamathali ya usemi, kama vile "jasho lake lilijaza kisima". Nyanya yangu alicheka, akasema chuku ni pembe ya kutolea damu. Tumwamini nani?
Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kilifi

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Wote wawili wamesema kweli, ila nyanya yako ameshika shina la neno.

Chuku ni pembe ya ng'ombe au mbuzi iliyotobolewa nchani. Mwumishi huikita upande mpana kwenye ngozi, mgongoni au kisogoni, akafyonza hewa kwa mdomo kupitia lile tundu, kisha akaliziba kwa nta aliyoibana kinywani tangu mwanzo. Nyama huvimba ndani ya pembe. Hapo huing'oa, akachanja kwa wembe, akairudisha palepale. Safari hii damu ndiyo inayovutwa. Kazi hiyo ni kuumika, na pembe huitwa pia ndumiko, jina ambalo siku hizi nalisikia kwa wazee tu. Mjomba wangu aliumika watu Mji wa Kale, Mombasa. Pembe zake zilikaa kwenye mkebe wa biskuti, na ole wako uufungue ukidhani kuna biskuti.

Kutia chumvi kumeingiaje? Mimi naona ni kwa sababu ya kule kuvimba: palipokuwa bapa pameumuka kama andazi, na ndani hamna kilichoongezwa. Ndivyo afanyavyo mpiga chuku kwa habari ndogo. Waarabu nao huita tiba hii hijama, na mzizi huohuo wa h-j-m ndio uliozaa hajm, yaani ukubwa wa kitu.

Siku hizi wenye hijama wengi hutumia vikombe vya plastiki na pampu ndogo ya mkono. Nyanya akitaka kuumikwa, wembe uwe mpya, ufunguliwe mbele yenu. Wembe wa kushirikiana hupitisha virusi vya ukimwi na homa ya ini.

Na jambo moja la mtihani: chumvi hutiwa, chuku hupigwa. Anayeniandikia "ametia chuku" namkata alama. Ukikuta "mzee alipigwa chuku kisogoni", usitafute tamathali hapo, mzee ameumikwa.