Rea Admirali kaburini, Kapteni kwenye pensheni: babu hakudhulumiwa

Mkuu, umesema babu wa mkeo, Mmarekani, kaburini ameandikwa Rea Admirali, cheo cha wanamaji kilicho juu ya Kapteni, ila karatasi zake za pensheni zinasoma Kapteni, na familia inaamini alidhulumiwa. Ngoja nikueleze, maana jambo hili nimeliona kwa macho yangu.

Mwaka 1984 nilikuwa nachapa barua za mzee mmoja Mmarekani pale Upanga, aliyekuja kuishi na bintiye mwalimu. Chini ya kila barua nilichapa Rea Admirali Mstaafu. Siku moja akanipa hesabu za pensheni nizinakili, nikakuta Kapteni. Nikamuuliza, "Mzee, hapa nirekebishe?" Akasema acha hivyohivyo. Akachukua penseli, akaandika nyuma ya bahasha: miaka 26 ya utumishi mara asilimia 2.5, jumla asilimia 65. Ya mshahara wa Kapteni. Neno Kapteni akalipigia mstari mara mbili.

(Kapteni wa wanamaji wao si kapteni wa nchi kavu, analingana na kanali.)

Kwao, tangu 1925, ofisa wa wanamaji aliyeandikiwa pongezi rasmi kwa alivyopigana vitani alipandishwa cheo kimoja siku ya kustaafu. Alipewa jina la cheo na heshima yake. Mshahara wa kukokotolea pensheni ulibaki wa cheo cha chini. Utaratibu huo ulifutwa tarehe 1 Novemba 1959, na mzee wangu alikuwa amestaafu miezi michache tu kabla.

Kinachowachanganya watu ni kwamba wapo Rea Admirali wengine waliolipwa kwa cheo hichohicho. Hao walikivaa kweli wakati wa Vita vya Pili, kwa uteuzi wa muda, na sheria ya 1946 ikawaruhusu kustaafu nacho pamoja na malipo yake. Kwa hiyo wawili wenye jina moja la cheo wangeweza kupokea pesa tofauti, na wote wako sahihi.

Lakini tafadhali msikione cha babu kuwa cheo cha bure. Hakikutolewa kwa kuzeeka kazini. Mzee wangu alikipata kwa mapigano ya Pasifiki, na ile barua ya pongezi aliihifadhi ndani ya Biblia, imekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kuchanika.

Mkitaka uhakika, ombeni kumbukumbu zake za utumishi kwenye hifadhi ya serikali yao iliyoko St. Louis. Angalieni miaka ya 1942 hadi 1946 alivaa cheo gani. Mkikuta Rea Admirali humo, hapo mna hoja.