Pombe ya Mtama Inayogeuka Siki

SWALI: Ninapika pombe ya mtama nyumbani. Hutia kimea kilichosagwa katika uji unaochemka, lakini pombe haitoi povu, na kufikia siku ya pili huwa kali kama siki. Je, niongeze hamira?
Msomaji, Chamwino

JIBU: Hamira zaidi haitakusaidia, ndugu msomaji. Kimea kina vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na uji unaochemka huviharibu. Hamira ikikosa sukari hubaki bila kazi, na bakteria wa uchachu hupata nafasi. Pika uji uive vizuri, uuache upoe hadi nyuzi 65 hivi za Selsiasi, ndipo ukoroge kimea na kufunika chungu kwa saa moja au mbili, mpaka uji uwe mwepesi na mtamu. Kisha uchemshe tena, kwa sababu kimea chenyewe huja na bakteria, na utie hamira ukishapoa chini ya nyuzi 30. Katika joto la Oktoba na Novemba hapa Dodoma, weka chombo kivulini ndani ya beseni la maji. Ndoo ya plastiki yenye mikwaruzo ni afadhali uiache, kwani haisafishiki.

Hukuuliza, lakini ni muhimu kuliko povu: mtama ulioota ukishakauka, sugua uondoe mizizi na machipukizi yote kabla ya kusaga, kwa kuwa yana kemikali inayozalisha sumu ya sianidi. Kimea chenye ukungu kitupe.