Je, meli ya Fort Jesus ni ya Mto Tana?

SWALI: Maalim, asalaam aleikum. Mjukuu wangu alipelekwa Fort Jesus na shule, akarudi ananibishia kwamba ile meli ya Kireno iliyozama pale, Santo António de Tanná, ilipewa jina la Mto Tana. Mimi mamangu ni Mpokomo wa Ngao, na habari hiyo sijapata kuisikia. Nani mkweli?
Bibi wa Kuze, Mombasa

JIBU: Wa aleikum salaam, bibi. Umeshinda wewe, ila mtoto usimcheke; hata watu wenye mvi nimewasikia wakisema hivyo hivyo.

Tanná hiyo ni ya Bara Hindi, mji uitwao leo Thane, karibu na Mumbai. Meli yenyewe iliundwa Bassein, pwani hiyo hiyo, mwaka 1681. Ilitumwa kutoka Goa kuwaokoa waliozingirwa na Waomani ndani ya ngome tangu Machi 1696, na mwaka 1697 ikazama chini ya kuta zile zile ilizokuja kuzinusuru. Ngome ikatekwa Disemba 1698. Wapiga mbizi waliichimbua kati ya 1977 na 1980.

Mto wetu Wapokomo huuita Tsana, mamako alikuwa akijua. Nao ulifika Mombasa kwa njia yake. Marehemu baba alikuwa baharia wa jahazi la boriti, Lamu na Bandari ya Kale. Wakikata Ghuba ya Ungwana kwa kaskazi, mbele ya Kipini hakuna aliyeuliza wako wapi: buluu inakatika ghafla kama vipande viwili vya kanga vilivyoungwa, inaanza rangi ya chai ya maziwa. Baba huchota kwa kata, akaonja, akatema. "Mto huu," anasema. Mimi nilichukuliwa safari moja tu, nina miaka tisa. Nikaonja, nikaona chumvi imepungua, nikanywa. Nikaharisha mpaka Malindi.

Kipini tulipakia maembe yaliyoteremshwa mtoni kwa mitumbwi ya kina mamako. Bandari ya Kale boriti zilihesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, karani na kijitabu chake. Maembe hayakuhesabiwa na mtu, na watoto wa Kuze walilijua hilo vizuri. Huenda na wewe ulikuwemo.