Asilimia 95 ya nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naandika tasnifu juu ya mahindi. Nilichagua kwa bahati nasibu wakulima 25 wa kata moja. Wastani wa mavuno yao ni magunia 12 kwa ekari, mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi mavuno yanavyotawanyika kuzunguka wastani) 3. Nikaandika: "Asilimia 95 ya wakulima huvuna kati ya magunia 10.8 hadi 13.2." Msimamizi kaikata sentensi yote. Kosa liko wapi?

JIBU: Marahaba. Hesabu haina kasoro. 3 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 25 ni 0.6, zidisha kwa 2.064 (kizidishi cha jedwali la t kwa sampuli ya watu 25) upate 1.24 hivi, kisha uitoe na kuijumlisha kwenye 12. Usikimbilie 1.96, kizidishi cha sampuli kubwa, ambacho kwa sampuli ndogo hubana masafa mno. Hilo linajulikana tangu 1908, William Gosset wa kiwanda cha bia cha Guinness alipoandika kwa jina la bandia la Student.

Tatizo ni hiyo "ya". Nomino inayofuata "asilimia 95 ya" ndiyo inayohesabiwa, kwa hiyo umetueleza habari za mkulima mmoja mmoja. Kwa mchepuko wa 3, mavuno yakiwa na mtawanyiko wa kawaida (wengi karibu na wastani, wachache mbali nao), wanaoangukia humo ni kama theluthi moja tu! Wapo wa magunia 8, wapo wa 16. Masafa yako, yaani kuanzia 10.8 hadi 13.2, yanahusu wastani wa kata nzima.

Wala usiseme "kuna uwezekano wa asilimia 95 kwamba wastani umo humo", nayo itakatwa. Wastani wa kata ni mmoja: umo au haumo. Asilimia 95 ni sifa ya njia, kama alivyofafanua mwanatakwimu Jerzy Neyman mwaka 1937: ukirudia kuchukua sampuli, takriban 95 katika kila 100 zitatoa masafa yenye wastani halisi ndani yake. Ile "hu-" uliyowabandika wakulima, mahali pake ni hapa: njia hii hunasa wastani halisi mara 95 kwa 100.

Andika: "Tunakadiria kuwa wastani wa mavuno katika kata ni magunia 12 kwa ekari, masafa ya kuaminika ya asilimia 95 ni kuanzia 10.8 hadi 13.2." Nimeweka "kuanzia" makusudi. "Kati ya" hudai "na", "kati ya 10.8 hadi 13.2" ni kosa ambalo hata magazeti hayajaliacha, ingawa sidhani msimamizi wako aliikata sentensi kwa sababu hiyo.