Jicho Lililovimba: Kwa Mnaoanza Upasuaji wa Uso na Tundu la Jicho

Wadogo zangu, mgonjwa akiletwa jicho limevimba, msikimbilie uvimbe. Mzibe jicho zima, umuulize hili bovu linaona nini. Anahesabu vidole? Anaona mwanga tu? Andika kwenye faili, na saa uiandike. Kisha mwoneshe kitu chekundu kwa jicho moja moja. Akisema upande mmoja wekundu umepauka, neva ya jicho imeanza kubanwa. Malizia na tochi: ukiihamisha kutoka jicho zima kwenda bovu, na mboni ikatanuka badala ya kusinyaa, huyo hana muda wa kusubiri.

Tundu la jicho lina ujazo wa takriban mililita 30, na kuta zake ni mfupa kila upande isipokuwa mbele. Usaha, damu au uvimbe ukiongezeka humo, jicho linasukumwa nje. Tazama limesukumwa kuelekea wapi. Likija mbele moja kwa moja, tatizo liko nyuma yake, katikati ya misuli. Likishuka na kuelekea puani, fikiria tezi ya machozi. Na kwa mtu mzima, hata kama jicho lililotokeza ni moja tu, pima kwanza tezi ya thairoidi, kwa kuwa ndiyo sababu inayoongoza.

Kosa lililonifundisha zaidi nililifanya nikiwa bado mwanafunzi. Aliletwa mtoto wa miaka sita, kope jekundu limejaa. Nikaandika kuwa ni maambukizi, nikamwanzishia antibayotiki za mshipa. Siku ya tatu hakuna nafuu, nikabadilisha dawa. Siku ya nne bingwa akapita wodini, akaniuliza swali moja tu: homa yake iko wapi? Mtoto hakuwahi kuwa na homa. Skani ikaonesha nyama imeota nyuma ya jicho, na biopsi, yaani kipande cha nyama kilichokatwa kupimwa, ikarudi na jibu la rabdomiosakoma, saratani inayoongoza kati ya zile zinazoanzia kwenye tundu la jicho la mtoto. Hukua kwa siku na wiki, na hutibiwa kwa kemotherapia na mionzi. Kazi kubwa ya mpasuaji ni kupata kipande mapema. Alitibiwa, lakini zile siku nne nazikumbuka kila ninapomwona mtoto mwenye kope jekundu.

Basi mkikuta usaha, peleka maabara ukaoteshwe vijidudu, na kata pia kipande cha ukuta wa jipu kiende patholojia. Kila mara. Mkishuku limfoma, yaani saratani ya chembe za limfu, zungumzeni na mtaalamu wa patholojia kabla ya kuingia tiyeta, kwa sababu atahitaji sehemu ya nyama isiyotiwa formalini, ile dawa ya kuhifadhia.

Kuna uvimbe mmoja ambao biopsi huuharibu. Ukikuta uvimbe wa tezi ya machozi usiouma, uliokua polepole kwa zaidi ya mwaka, na mfupa umebonyea bila kuliwa, yaelekea ni adenoma ya pleomofiki, uvimbe usio saratani. Utoe wote pamoja na ganda lake. Ukiuchokonoa, seli humwagika, nao hurudi baada ya miaka. Ukiuma, ukiwa wa miezi michache na mfupa umeliwa, shuku saratani. Huo ndio wa kuanza na biopsi.

Maambukizi mengi ya tundu la jicho hutoka kwenye sainasi za ethmoidi, vijumba vya hewa kati ya pua na jicho, ambazo ukuta wake ni mwembamba kama karatasi. Kope likivimba lakini jicho linageuka bila maumivu na linaona vizuri, maambukizi yako mbele tu. Jicho likikaza au likiuma linapogeuka, skani ni leo hii. Na jicho la pili likianza kuvimba, fikiria damu iliyoganda kwenye sainasi ya kavenosi, mfereji wa damu ya vena ulio nyuma ya tundu la jicho.

Kwenye uso, tafuta jino. Mizizi ya magego ya nyuma ya chini hushuka chini ya msuli wa sakafu ya mdomo, ndiyo maana usaha wake huingia chini ya taya. Ulimi ukinyanyuliwa na mate yakimtoka mgonjwa, usimlaze chali kwa ajili ya skani. Mwite mtaalamu wa ganzi, linda njia ya hewa, kisha toa usaha na ng'oa jino. Mwenye kisukari akiwa na weusi puani au kwenye kaakaa, shuku kuvu, usingoje maabara: anza amfoterisini B, dawa ya kuvu, na kata nyama iliyokufa siku hiyo hiyo.

Baada ya upasuaji wa tundu la jicho, usifunge bandeji itakayokuzuia kupima uoni. Usiku ule, maumivu yakizidi ghafla, jicho likiwa gumu na uoni ukipotea, ni damu imejaa nyuma. Retina huvumilia kama saa moja na nusu. Usipeleke mgonjwa skani; kata pembe ya nje ya kope na ukate pia kano yake ya chini, hapo hapo kitandani. Mkasi na koleo viwe tayari pembeni kabla hujaondoka wodini.